Bibi Bwana: Mwanamke wa wigi na gauni aliyezunguka Ziwa Chala

Likizo ikifika, ugomvi huwa ni ule ule katika nyumba nyingi za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Binti wa miaka 13 anataka kupaka rangi ya mdomo akienda kanisani au sokoni. Mama anakataa, shangazi anatetea, baba anajifanya hasikii. Kila mtu ana umri wake kichwani. Huyu anasema miaka 16, yule anasema baada ya Kidato cha Nne, mwingine anasema subiri kitambulisho. Ukiuliza kwa nini umri huo na si mwingine, kimya.

Leo tumkumbuke mwanamke aliyekuja huku kwetu mwaka 1891 akiwa na wigi la nywele za dhahabu na gauni la hafla sandukuni. Aliitwa May French Sheldon. Wapagazi wake walimpa jina la Bibi Bwana. Hakuja kutufundisha urembo, lakini maisha yake yana la kutuambia katika ugomvi huu wa likizo.

Sheldon alizaliwa mwaka 1847 Pennsylvania, Marekani. Aliolewa na Mmarekani mwenzake, Eli Lemon Sheldon, na wakaishi London. Hakuwa mke wa kukaa nyumbani kupiga soga. Alikuwa mwandishi na mchapishaji wa vitabu, na mwaka 1886 alitoa tafsiri yake ya Kiingereza ya riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert, Salammbô. Alifahamiana na msafiri maarufu Henry Morton Stanley. Siku hizo wanaume wa Ulaya walikuwa wakirudi Afrika na hadithi za bunduki na vita. Yeye akasema moyoni, kwani mwanamke hawezi kuongoza msafara wake mwenyewe, tena bila kumwaga damu?

Alipofika Mombasa, Wazungu wenzake walimwona kama mwenye kichaa. Hawakumsaidia sana. Basi akavuka hadi Zanzibar, akapata barua ya Sultani ya kumfungulia njia, na akakusanya wapagazi zaidi ya 100. Wakati huo alikuwa na miaka 43.

Kumbuka kwamba reli ilikuwa bado. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, miaka mitano baadaye. Msafiri wa kwenda Kilimanjaro alikata nyika kavu ya Taru kwa miguu, akatafuta maji kwa shida, akapita vilima vya Taita, ndipo akafika msitu wa Taveta, mahali ambapo misafara ilipumzika na kununua chakula. Sheldon alikuwa na machela ya kubebwa, lakini sehemu kubwa ya njia alitembea, fimbo mkononi na bastola kiunoni.

Sasa tuje kwa lile sanduku. Ndani mlikuwa na gauni la kung'aa, vito, wigi la nywele ndefu na upanga wa sherehe. Hakuvaa vitu hivyo njiani. Aliviweka kwa siku ya kukutana na mtawala. Aliona kwamba akifika mbele ya sultani na vumbi la safari, atachukuliwa kuwa mtu wa kawaida tu. Akifika amejipamba kama malkia, watazungumza kama wakuu wawili. Mazungumzo yakiisha, anarudi hemani, anavua, anavaa viatu vyake vya safari, na kazi inaendelea.

Na kazi aliifanya kweli. Karibu na Taveta kuna Ziwa Chala, lile lililo ndani ya shimo la volkano mpakani mwa Kenya na Tanzania. Aliyewahi kusimama ukingoni anajua jinsi kuta zake zilivyo wima. Sheldon aliteremka hadi majini na kulizunguka ziwa kwa chombo cha kuelea. Kutoka hapo aliendelea hadi Rombo na Moshi. Wakati wa kurudi alianguka akiwa ndani ya machela, akaumia vibaya, na ikabidi wapagazi wambebe hadi pwani. Siku hiyo wigi na vito havikuwa na msaada. Waliomwokoa ni wale watu aliosafiri nao.

Mwaka 1892 alichapisha kitabu cha safari hiyo. Mwaka huo huo Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza likawa limeanza kupokea wanawake, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza. Wanaume wakalalamika, mlango ukafungwa mwaka 1893, na haukufunguliwa tena hadi 1913.

Lakini magazeti yalitaka kujua nini? Gauni. Wigi. Vito. Aliongoza zaidi ya watu 100, akazunguka Chala, na bado mpaka leo akitajwa, wengi wanaanza na nywele za bandia. Pambo alilolitumia kama chombo cha kazi lilimeza kazi yenyewe.

Kuna sura nyingine ya maisha yake isiyopendeza, nayo tusiifiche. Kati ya 1903 na 1904 alikwenda Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wengine walikuwa wakifichua jinsi watu walivyouawa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Yeye aliandika akiutetea utawala huo, na wanahistoria wanasema safari yake iligharamiwa na marafiki wa Leopold. Hapo alipaka poda juu ya kidonda. Alifariki London mwaka 1936.

Haya, turudi nyumbani.

Sheldon alikuwa mtu mzima, mwenye vitabu, mwenye jina, na bado watu waliona wigi kwanza. Je, binti wa miaka 13 ambaye watu hawajamjua kwa lolote? Akitoka na kope bandia na mdomo mwekundu, uso utazungumza kabla yeye hajafungua kinywa. Kuna wanaume watajifanya hawajui ni mtoto. Kosa ni lao, si la rangi ya mdomo, na sheria ya Kenya inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto hata akijipodoa vipi. Lakini atakayebeba macho hayo stendi ni yeye, na mabega yake bado ni madogo. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kumwambia asubiri, na mzazi aiseme hivyo hivyo. Ukimtukana eti anataka kuwa malaya, atakubali mbele yako, kisha atajipaka kwa rafiki yake na kunawa kabla ya kufika nyumbani.

Nawe binti, kabla ya kudai ruhusa, jiulize alichojiuliza Bibi Bwana. Hii ni ya nini? Kama ni wanja na hina za Idi, au poda kidogo ya harusi ya dada, jibu ni rahisi, na mama anaweza kukaa nawe mkapaka pamoja. Kama ni kwa sababu huwezi kupiga picha bila hiyo, au unaona haya kutoka na uso wako wa asubuhi, hapo bado. Aliye tayari ni yule anayeweza kuvua na kubaki yule yule.

Na mambo mawili hayana umri. Usichangie wanja wala maskara na wenzako, maana magonjwa ya macho husafiri humo. Na krimu za kujichubua zenye zebaki, zilizopigwa marufuku nchini, usiguse ukiwa na miaka 13 wala 30.

Siku ukipelekwa Chala na shule, simama ukingoni utazame chini. Kuna mwanamke aliteremka pale. Alipoteremka, gauni lilikuwa sandukuni.