MUNGANGA TARNIER NA SANDUKU YA JOTO



Katika lopitali kubwa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anawekwa ndani ya kuvezi. Neno hili limetoka katika Kifaransa, na kule maana yake ya kwanza ni kuku anayelalia mayai. Kumbe mambo yenyewe yalianza kwa kuku kweli. Mtu aliyeyaanza ni Stéphane Tarnier, munganga Mfaransa, na mimi naona maisha yake yanatufaa sisi wa Kabambare kuliko maisha ya majenerali wengi tunaowasoma katika somo la historia.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1828 huko Aiserey, kijiji karibu na mji wa Dijon. Baba yake alikuwa munganga wa mashambani. Kijana alikwenda kusoma Paris, na mwaka 1856 alikuwa akifanya kazi katika Maternité, nyumba ambamo wamama maskini walikwenda kuzaa. Hapo aliona mambo ya kutisha. Mama aliingia kwa miguu yake, akazaa vizuri, na nyuma ya siku chache akafa kwa homa ya uzazi. Wakati ule wengi walisema ni hewa mbaya tu. Tarnier alichukua vitabu vya vifo akahesabu. Akalinganisha na wamama waliozaa nyumbani kwao katika mtaa ule ule, akaona kwamba lopitali ndiyo iliyoua zaidi, tena mara nyingi zaidi. Mwaka 1857 aliandika kwamba homa ile inaambukiza. Alipowekwa kuwa mkubwa wa Maternité mwaka 1867 alianza kuwatenga wagonjwa na wazima, na baadaye akaleta dawa za kuua vidudu. Vifo vikapungua sana.

Sasa tuje kwa watoto. Mtoto wa miezi saba hafi tu juu ya udogo wake. Mara nyingi ni baridi inayomuua. Ngozi yake ni nyingi kuliko nyama, mafuta hana, wala hajui kutetemeka ili apate joto kama sisi. Kikombe kidogo cha chai hupoa upesi kuliko birika, na yeye vilevile. Mwili wa mtoto mchanga unapaswa kuwa na joto la digrii 36,5 mpaka 37,5. Likishuka, anaacha kunyonya, pumzi inakuwa ndogo, na mara anazimika kimya kimya bila kulia.

Mwaka 1878 Tarnier alitembelea bustani ya wanyama ya Paris. Huko aliona masanduku ya kuangulia mayai ya kuku kwa joto la maji. Akamwomba Odile Martin, aliyeyatengeneza, amfanyie jingine kubwa zaidi, la kuweka watoto wa watu. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, maana munganga Denucé wa Bordeaux alikwisha kueleza beseni yenye kuta mbili na maji ya moto katikati mwaka 1857. Lakini Tarnier ndiye aliyeiingiza kazi hii katika lopitali ikadumu.

Ile sanduku ya kwanza ilianza kazi kama mwaka 1880. Ilikuwa ya mbao, kuta mbili, na unga wa mbao katikati ili joto lisitoke. Juu walilala watoto kadhaa, chini kulikuwa tangi la maji yaliyotiwa moto na taa. Taabu yake ni kwamba moto ukizidi watoto wanaweza kuungua. Basi wakaacha tangi. Wakafanya sanduku ndogo ya mtoto mmoja: chini chupa za udongo zenye maji ya moto, zinazobadilishwa kwa zamu kila saa mbili hivi, pembeni sifongo yenye maji ili hewa isikauke, ndani kipimo cha joto, juu kioo. Fundi yeyote wa mbao aliweza kuitengeneza.

Hapa ndipo ninapomsifu Tarnier hasa. Mashine yake ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Msaidizi wake Auvard alitoa hesabu mwaka 1883: katika watoto 100 wenye uzito chini ya gramu 2.000, zamani walikufa 66. Kwa sanduku walikufa 38. Wengine walikwenda njia nyingine. Alexandre Lion wa mji wa Nice alitengeneza kuvezi za chuma, za bei kali, na ili kupata fedha za kuzitunza watu walilipa kiingilio waje kutazama watoto. Wazo lilitoka kwenye bustani ya wanyama, likarudi huko huko!

Lakini tusidanganyike, sanduku ile ilikuwa rahisi kwa bei, si kwa kazi. Mzalishaji alipaswa kuamka usiku kucha na maji ya moto. Tena joto peke yake halishibishi. Tarnier alianza kuwalisha wale wasioweza kunyonya kwa mpira mwembamba unaopita kinywani mpaka tumboni, maziwa kidogo kidogo. Mwanafunzi wake Pierre Budin aliongeza jambo: mama asiwekwe mbali, maana akiwekwa mbali na mtoto moyo wake unapoa.

Hata kwetu Congo chupa ya maji ya moto imefanya kazi hiyo. Munganga Mwingereza Helen Roseveare, aliyefika mwaka 1953, alisimulia habari ya usiku mmoja kule Nebobongo, kaskazini-mashariki. Mama alikufa akizaa, akaacha mtoto asiyetimiza miezi. Umeme hapana, kuvezi hapana, na chupa ya mpira ya mwisho ikapasuka. Kesho yake msichana mmoja wa nyumba ya yatima akaomba mbele za Mungu chupa ije siku ile ile. Mchana ikafika sanduku kutoka Uingereza, iliyotumwa miezi mitano mbele, na chupa ilikuwa ndani.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, kuvezi hazikutosha, watoto walilala wawili watatu pamoja. Munganga Edgar Rey Sanabria akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Namna hii sasa inafundishwa dunia nzima. Inataka kikwembe na kofia ndogo tu. Wako watoto dhaifu wanaohitaji mashine na hewa ya chupa, ni kweli. Lakini njia ya Kasongo tunaijua sote, na mtoto akisafirishwa humo usiku, kifua cha mama kinakwenda naye.

Tarnier alikufa Paris tarehe 23 Novemba 1897. Alikuwa amekwisha kuwa rais wa chuo cha waganga cha Ufaransa, na wamemwekea sanamu ya jiwe kando ya nyumba ya uzazi iliyochukua jina lake.