Tim Horton: Beki wa barafuni aliyesahaulika nyuma ya kikombe cha kahawa

ABIRIA atokaye Kitui kupitia Machakos, na mwenzake atokaye Kibwezi au Emali, hukutana katika Barabara ya Mombasa na wote hupita mbele ya hoteli ya Panari kabla ya kuingia jijini Nairobi. Ndani ya jengo hilo mna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka wa 2005, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka wa 2018 vijana hao walisafirishwa hadi Canada kwa gharama ya kampuni ya kahawa na donati iitwayo Tim Hortons, wakacheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wengi waliofurahia habari hizo hawakujua kwamba jina la kampuni ile ni la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa beki.

Miles Gilbert Horton alizaliwa Januari 12, 1930 katika mji mdogo wa Cochrane, kaskazini mwa mkoa wa Ontario. Alikulia katika maeneo ya migodi, na familia yake ikahamia Sudbury mwaka wa 1945. Miaka miwili baadaye alijiunga na shule ya St. Michael's jijini Toronto, ambako vipaji vya klabu ya Toronto Maple Leafs vilikuwa vikinolewa. Alitumwa kwanza kuchezea Pittsburgh Hornets katika ligi ya daraja la chini, na mwaka wa 1952 akapata nafasi ya kudumu katika kikosi cha Leafs. Mwaka huo huo alimuoa Lori, wakajaliwa mabinti wanne.

Machi 1955 alikumbana na Bill Gadsby wa New York Rangers, akavunjika mguu na taya. Sehemu kubwa ya msimu uliofuata ilimpita akiuguza majeraha. Kwa beki anayetegemea miguu kurudi nyuma kwa kasi, ajali ya namna hiyo ingeweza kuwa mwisho wa safari. Lakini kati ya Februari 1961 na Februari 1968 Horton hakukosa hata mechi moja ya msimu wa kawaida, jumla yake 486 mfululizo, rekodi ya mabeki iliyodumu hadi 2007.

Kilele chake kilikuwa mechi za mchujo za mwaka wa 1962. Leafs hawakuwa wametwaa Kombe la Stanley tangu 1951. Katika nusu fainali waliwabandua Rangers, waliokuwa wakiongozwa na Doug Harvey, kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, ambaye msimu huo alituzwa beki bora wa ligi kwa mara ya saba. Fainali ikawakutanisha na mabingwa watetezi, Chicago Black Hawks, wenye washambuliaji hatari Bobby Hull na Stan Mikita.

Katika mechi 12 za mchujo huo Horton alifunga mabao matatu na kuchangia mengine 13. Kwa enzi ile, beki kufikisha pointi 16 katika mchujo mmoja lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Bao la ushindi katika mechi ya sita ya fainali, Aprili 22, lilifungwa na Dick Duff kufuatia pasi ya Horton, Leafs wakashinda 2-1 ugenini na kunyakua kombe.

Hata hivyo, beki hapimwi kwa mabao pekee, na hapa mizani yafaa ishikwe kwa uangalifu. Mikita alivuna pointi 21 katika mchujo huo huo, rekodi mpya wakati huo, na Chicago walipachika mabao 15 katika fainali. Hivyo si kweli kwamba ukuta wa Toronto haukupenyeka. Nguvu ya Horton ilikuwa kwingine: akishirikiana na Allan Stanley, mkongwe mwenye mwendo wa taratibu, aliweza kutoka na kile kisahani kichezwacho badala ya mpira hadi lango la wapinzani, akijua mwenzake amebaki kulinda. Ulinzi wake uligeuka shambulizi pasipo kikosi kuachwa wazi. Ni sifa ambayo mashabiki wa kandanda wa siku hizi huisifu kwa mabeki wao kana kwamba ni uvumbuzi mpya.

Tuzo ya mchezaji bora wa mchujo haikuwapo. Ilianza kutolewa mwaka wa 1965. Ile ya beki bora wa msimu hakuipata hadi kufa kwake, ingawa aliteuliwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi mnamo 1964, 1968 na 1969. Ni vigumu kukwepa fikra kwamba upole wake ulimponza. Alikuwa na nguvu za ajabu na macho mafupi yaliyomlazimu kuvaa miwani nje ya uwanja. Vurugu zilipozuka, aliwakumbatia wapinzani kwa mikono yake mizito hadi wakaishiwa na hamu ya kupigana. Mtu wa namna hiyo haandikwi sana magazetini.

Leafs walitwaa kombe tena 1963, 1964 na 1967, Horton akiwemo kila mara. Mishahara ya wachezaji ilikuwa midogo, naye akatafuta riziki ya kando. Mwaka wa 1964 duka lake la donati lilifunguliwa mjini Hamilton, na miaka mitatu baadaye Ron Joyce, aliyekuwa polisi, akawa mshirika wake kamili. Machi 1970 Leafs walimuuza kwa Rangers. Akapitia Pittsburgh Penguins kisha Buffalo Sabres, chini ya kocha wake wa zamani, Punch Imlach.

Jioni ya Februari 20, 1974, akiwa na umri wa miaka 44, alirejea Toronto kuikabili timu yake ya kale. Sabres walishindwa 4-2. Horton, aliyekuwa na maumivu ya taya, hakucheza kipindi cha tatu, lakini alitajwa miongoni mwa nyota watatu wa mechi. Alfajiri alikuwa akiendesha gari lake la kasi kuelekea Buffalo alipopoteza mwelekeo karibu na St. Catharines na kufariki. Kwa miaka mingi umma haukuelezwa yote. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka wa 2005 zilionyesha kwamba kiwango cha pombe mwilini mwake kilikuwa kimepita mara dufu kile kinachoruhusiwa na sheria.

Wakati huo maduka yalikuwa takriban 40. Mwaka wa 1975 mjane wake alimuuzia Joyce hisa za familia kwa dola milioni moja na gari aina ya Cadillac. Baadaye alikwenda mahakamani kudai kwamba hakutendewa haki, akashindwa. Biashara ile ilikua hadi ikawa na maelfu ya matawi, huku jezi nambari 7 ya beki mwenyewe ikistaafishwa rasmi na Leafs mwaka wa 2016, miaka 42 baada ya kifo chake.