Bintimfalme Diana na vita dhidi ya mabomu ya ardhini

MAREHEMU Bintimfalme Diana wa Uingereza alizaliwa Julai 1, 1961 huko Sandringham katika ukoo wa kikabaila wa Spencer. Julai 29, 1981 aliolewa na Mwanamfalme Charles, wakajaliwa wana wawili, William na Harry. Ndoa hiyo ilivunjika rasmi Agosti 1996.

Januari 1997, Diana alizuru Angola pamoja na Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza. Mjini Huambo alivaa kinga ya kifua na ya uso, akapita katika njia iliyosafishwa na wategua mabomu wa shirika la HALO Trust. Jijini Luanda aliketi na watoto waliokatwa miguu. Baadhi ya wanasiasa wa chama tawala cha Conservative walimshutumu kwa kujiingiza katika siasa, kwani serikali yao haikuwa tayari kuzipiga marufuku silaha hizo zote. Hata hivyo hakurudi nyuma. Agosti mwaka huo alikwenda Bosnia kuwaona waathiriwa wengine.

Wiki tatu baadaye, Agosti 31, aliaga dunia katika ajali ya gari jijini Paris, akiwa na umri wa miaka 36.

Siku iliyofuata, wajumbe walikutana Oslo kuandaa mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo. Desemba 1997 mataifa 122 yaliutia sahihi jijini Ottawa, na Kenya ikafanya hivyo mwezi uo huo. Mkataba huo unayataka mataifa yenye uwezo kusaidia kugharimia uteguaji wa mabomu na matunzo ya waathiriwa.

Kanda hii imefaidika. Mwaka 2005, Uingereza ilishirikiana na Kenya kufungua jijini Nairobi kituo cha kuwafunza wategua mabomu. Rwanda ilitangaza kumaliza kazi hiyo mwaka 2009, Uganda 2012 na Msumbiji 2015. Mwaka 2017, miaka 20 baada ya ziara ya Diana, Uingereza iliahidi pauni milioni 100 zaidi.

Lakini fedha za wafadhili hufuata upepo wa siasa. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje, na Januari 2025 Marekani ikasitisha kwa muda misaada yake, ikiwemo ya uteguaji wa mabomu.

Ardhi ikishasafishwa, mkulima hurejea shambani. Mtoto aliyepoteza mguu hana mwisho kama huo, kwa maana mguu wa bandia hubadilishwa kila anapokua. Wakazi wa Theta, Ruiru na Thika, walio jirani na shule ya Joytown inayowalea watoto wenye ulemavu wa viungo, wanajua kuwa matunzo hayo ni ya maisha yote. Diana aliwafanya wafadhili wawatazame watoto hao, ila kuwatunza hadi uzeeni ni deni ambalo bado halijalipwa.