Zhou Enlai na Reli ya Uhuru

Zhou Enlai alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Huai'an, nchini China. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto. Akalelewa na ndugu zake. Alipenda sana kusoma. Alipokuwa kijana alikwenda Japani, kisha Ufaransa.

Mwaka 1949 Zhou alikuwa Waziri Mkuu wa China. Nchi yake ilikuwa bado maskini. Hata hivyo, alitaka isaidiane na nchi nyingine. Januari 1964, akiwa Ghana, alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Kanuni moja ilisema kuwa wataalamu wa China waishi kama wataalamu wenyeji. Nyingine ilisema kuwa wenyeji wafundishwe kazi mpaka waijue wenyewe.

Juni 1965 Zhou alikuja Tanzania. Alipokewa na Rais Julius Nyerere.

Wakati huo jirani yetu Zambia ilikuwa na shida. Zambia haina bahari. Shaba yake ilipita Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Rhodesia ilitawaliwa na walowezi. Wakifunga njia, Zambia ingeuzaje shaba yake? Tanzania na Zambia zilitaka reli ya kufika Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilisema reli hiyo haitaleta faida. Nchi za Magharibi hazikutoa fedha. China ilikubali.

Mkataba ulitiwa sahihi Beijing, Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Watanzania, Wazambia na Wachina walitoboa milima na kujenga madaraja pamoja. Vijana wetu wengine walipelekwa China kusomea kazi za reli. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo. Baadhi yao wamezikwa karibu na Dar es Salaam.

Reli ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikabidhiwa Julai 1976. Zhou hakuiona siku hiyo. Alikufa kwa kansa tarehe 8 Januari 1976.

Mkopo ni deni, na deni hulipwa. Lakini ujuzi ukishaupata, hakuna wa kuudai. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Maswali
1. Kwa nini Zambia ilihitaji reli mpya?
2. Vijana walipelekwa China kufanya nini?
3. Je, kijijini kwenu kuna kazi mliyofundishwa na wageni? Mnaiendesha wenyewe?