René Lalique

René Jules Lalique (hutamkwa Rene Lalik, Ay, Ufaransa, 6 Aprili 1860 – Paris, 1 Mei 1945) alikuwa sonara, mbunifu wa vito na mtengenezaji wa vioo kutoka nchini Ufaransa. Katika nusu ya kwanza ya maisha yake ya kazi alijulikana kama sonara mkuu wa mtindo wa Art Nouveau, yaani Sanaa Mpya. Katika nusu ya pili aliiacha dhahabu akawa mwenye viwanda vya kioo. Kati ya nusu hizo mbili kuna miaka michache ambayo kioo kilikaa ndani ya vito vyake pamoja na dhahabu na almasi, nayo ndiyo inayoeleza jinsi sonara alivyoweza kugeuka kuwa mfua vioo.

Utoto na mafunzo

Lalique alizaliwa Ay, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu katika eneo la Champagne. Familia yake ilihamia karibu na Paris akiwa bado mtoto mdogo, lakini wakati wa likizo alirudishwa Ay, na huko alizoea kuchora majani, maua na wadudu. Baba yake alifariki mwaka 1876. René, aliyekuwa na umri wa miaka 16, akawekwa kuwa mwanagenzi wa sonara Louis Aucoc mjini Paris. Mchana alijifunza kuyeyusha na kulehemu dhahabu na kupachika mawe, na jioni alihudhuria masomo ya sanaa za mapambo.

Mwaka 1878 alivuka bahari kwenda Uingereza, akasoma kwa muda wa miaka miwili huko Sydenham, kusini mwa London. Shule yake ilihusiana na Crystal Palace, jengo kubwa mno lililojengwa kwa chuma na kioo. Aliporudi Paris aliishi kwa kuuza michoro. Maduka makubwa ya vito, yakiwemo Cartier na Boucheron, yalinunua michoro yake na kutengeneza vito kwa jina la duka. Jina la mchoraji halikuonekana popote. Ndiyo kawaida ya kazi hiyo hata leo, na kijana mwenye kipaji huweza kuzeeka akiwa hivyo.

Karakana yake mwenyewe

Mwaka 1885 Lalique alichukua karakana ya sonara Jules Destape iliyokuwa Place Gaillon mjini Paris. Sasa alikuwa na mafundi wa kuwalipa, kodi ya nyumba, na wateja wa kuwatafuta. Mwaka 1890 alihamia Rue Thérèse, mahali palipokuwa na nafasi zaidi.

Ili kuelewa ujasiri wa kazi aliyoianza hapo, inafaa kukumbuka hali ya biashara ya vito wakati ule. Tangu almasi zigunduliwe Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1860, mawe hayo yalimiminika Ulaya. Kito kizuri kilikuwa kile chenye almasi nyingi, na kazi ya sonara ilikuwa kuzipanga safu kwa safu kiasi kwamba dhahabu au fedha iliyozishika isionekane. Mteja alihesabu mawe, dhahabu ikawekwa kwenye mizani, na bei ikajulikana. Mtu yeyote aliyewahi kuingia kwa sonara wa Mombasa, Zanzibar au Kariakoo anaijua hesabu hiyo: uzito kwanza, halafu ufundi huongezwa kidogo juu yake.

Lalique aliipindua hesabu hiyo. Alichagua kitu kwa ajili ya rangi yake na jinsi kinavyopokea mwanga, bila kujali bei yake sokoni. Alitumia pembe ya ng'ombe kutengeneza vitana vya nywele, akaipaka rangi na kuichonga kama majani yanayonyauka. Alitumia opali, pembe za ndovu, enameli na kioo, na palipohitajika almasi aliziweka ndogondogo pembeni kama matone ya umande. Badala ya mashada ya maua ya kawaida alileta nyigu, popo, nyoka, mende, tausi na wanawake wenye mbawa. Alichora umbo kwa ukubwa, kisha akatumia mashine ya wachonga medali inayonakili kielelezo kikubwa na kukipunguza kufikia ukubwa wa kito. Baada ya hapo mkono wa fundi ulimalizia. Wapo wanaodhani kwamba kito cha mkono hakiguswi na mashine. Karakana ya Lalique haikuwa hivyo.

Wanunuzi wa vitu kama hivyo hawakuwa wengi, lakini walikuwa wa aina iliyofaa. Mwigizaji Sarah Bernhardt, aliyekuwa maarufu kuliko wote Ufaransa, alivaa vito vyake jukwaani, na watu wakauliza vimetoka wapi. Mteja mkubwa zaidi alikuwa Calouste Gulbenkian, mfanyabiashara Mwarmenia aliyetajirika kwa mafuta ya petroli, ambaye kwa miaka mingi alinunua zaidi ya vitu 100 kutoka kwake. Kati ya hivyo kimo pambo la kifua la miaka ya 1897–1898 linaloonyesha kereng'ende mwenye kiwiliwili cha mwanamke. Upana wake ni zaidi ya sentimita 26. Hakuna anayeweza kulivaa siku nzima bila kuchoka, na inaonekana Gulbenkian hakulinunua ili livaliwe. Liko Lisbon, Ureno, katika makumbusho yenye jina lake.

Kioo ndani ya vito

Hatua ya kwanza kuelekea kioo ilikuwa enameli. Enameli ni unga wa kioo chenye rangi unaopakwa juu ya metali na kuyeyushwa kwa moto. Lalique alipenda hasa aina isiyo na bamba nyuma yake: unga huyeyushwa katikati ya nyuzi za dhahabu, kisha mwanga hupita moja kwa moja, kama unavyopita katika madirisha ya rangi ya makanisa ya zamani. Mbawa za kereng'ende wake zilitengenezwa hivyo. Sonara anayefanya kazi hiyo kila siku tayari ni mfua kioo, ingawa kwa kipimo cha gramu chache.

Kutoka hapo alianza kumimina kioo chenyewe. Njia yake ya mwanzo ilikuwa ya nta, ile ambayo wafua shaba wameitumia tangu kale. Kielelezo huchongwa kwa nta na kufunikwa kwa udongo. Udongo ukipashwa moto nta huyeyuka na kutoka, na kioo huingia mahali ilipokuwa. Kalibu lazima ivunjwe ili kukitoa kitu, kwa hiyo kila kalibu huzaa kimoja tu. Juu ya baadhi ya vioo hivyo alama za vidole vya fundi zilizobaki kwenye nta zinaonekana hadi leo. Kuanzia mwaka 1898 alikuwa na karakana huko Clairefontaine, karibu na Rambouillet, alikofanya majaribio hayo.

Kioo kilikuwa na jina baya katika biashara ya vito. Katika karne ya 18 sonara Georges Frédéric Strass wa Paris alipata sifa kwa kioo kilichong'aa kama almasi, na tangu hapo kioo katika pete au kidani kilimaanisha almasi ya uongo. Lalique hakukitumia kuiga jiwe lolote. Alikiacha kiwe kioo, chenye ukungu au rangi ya maziwa, kikionyesha uso wa mwanamke au ua, na akakizungushia dhahabu halisi. Mteja aliyekinunua alijua analipia kioo.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 watu walisongamana mbele ya banda lake, lililokuwa na uzio wa shaba wenye sanamu za wanawake wenye mbawa za kipepeo, na juu yake popo. Mwaka huo alipandishwa cheo katika Nishani ya Heshima ya Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kwa hesabu ya sonara hakuna mahali pa juu zaidi pa kufika.

Ushindi huo ulileta shida. Kila karakana ya Ulaya ilianza kutengeneza kereng'ende na wanawake wenye nywele ndefu, kwa metali hafifu na enameli mbaya, na kuuza kwa bei ya chini. Aliyeiga hakuwa na gharama ya kubuni. Ndani ya miaka michache mtindo uliokuwa wake ukawa wa kila dirisha la duka, na matajiri hawapendi kuvaa kinachovaliwa na wote.

Place Vendôme na chupa za marashi

Mwaka 1902 Lalique alimwoa Augustine-Alice Ledru, binti wa mchongaji sanamu Auguste Ledru aliyeshirikiana naye kazini. Ndoa yake ya awali ilikuwa imevunjika, na yeye na Alice walikuwa na watoto wawili tayari, Suzanne na Marc. Mwaka huohuo nyumba yake mpya ya Cours-la-Reine ilikamilika, milango yake ikiwa na vibao vya kioo vyenye matawi ya msonobari.

Mwaka 1905 alifungua duka katika nyumba namba 24 ya Place Vendôme, uwanja wa maduka ya vito ya gharama kubwa kuliko yote ya Paris. Humo aliuza vito pamoja na vioo vilivyotoka Clairefontaine. Jirani yake alikuwa François Coty, mtengenezaji wa marashi, aliyemwomba abuni vitu kwa ajili ya bidhaa zake. Wakati ule marashi yaliuzwa katika chupa za kawaida kama za dawa. Coty alitaka chupa ambayo mwanamke angeiweka mezani hata baada ya marashi kwisha, na alizitaka kwa maelfu.

Njia ya nta haiwezi kutoa maelfu. Lalique akajifunza kukandamiza na kupuliza kioo katika kalibu za chuma zinazotumika tena na tena. Mwaka 1909 alikodi kiwanda cha kioo huko Combs-la-Ville, kusini-mashariki mwa Paris, na mwaka 1913 akakinunua. Alice alifariki mwaka huohuo wa 1909. Onyesho alilofanya dukani mwaka 1912 lilikuwa la vioo vitupu, na baada ya hapo kazi ya vito vya dhahabu ilikoma.

Kuna wanaolaumu uamuzi huo, wakisema msanii aligeuka mwenye kiwanda. Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Kipande kilichopigwa chapa na kalibu ya chuma si sawa na kile cha nta. Hata hivyo Lalique hakuacha nta kabisa: hadi karibu mwaka 1930 aliendelea kutoa vyombo vichache vya aina hiyo sambamba na bidhaa za kiwanda. Kielelezo cha kila kalibu kiliendelea kuchongwa kwa uangalifu uleule wa karakana ya vito.

Vidani vya kioo na kiwanda cha Alsace

Vito navyo vilirudi kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1910 na 1920 kiwanda kilitoa vidani vya kioo vilivyoning'inizwa kwa kamba ya hariri yenye kishada, pete zilizotengenezwa kwa kipande kimoja cha kioo, bangili za vipande vilivyotungwa kwenye uzi wa mpira, na bruchi zenye bamba jembamba la metali ya rangi nyuma ya kioo ili zing'ae. Nyigu na mimea ya zamani ilikuwemo bado, ila sasa bila dhahabu wala almasi. Mwalimu au karani wa Paris, ambaye asingeweza hata kuuliza bei ya kitana cha mwaka 1900, aliweza kununua kidani kilichobuniwa na mtu yuleyule.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jimbo la Alsace lilirudi Ufaransa. Eneo hilo lilikuwa na mafundi wa kioo wa vizazi vingi, na Lalique akajenga kiwanda kikubwa zaidi kwenye kijiji cha Wingen-sur-Moder kuanzia mwaka 1921. Kioo chake kilikuwa na risasi kidogo kuliko kristali kamili, kwa hiyo kilikuwa laini kufinyangwa lakini hakikuwa ghali. Kutoka huko zilitoka chombo cha maua kiitwacho Bacchantes (1927), sanamu za mbele ya magari, taa na sahani. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1925 alisimamisha chemchemi ya kioo yenye urefu wa mita 15 hivi iliyomulikwa kwa ndani usiku. Alitengeneza pia vioo vya kanisa la Mt. Mathayo huko Millbrook, kisiwa cha Jersey (1934), na taa za ukumbi wa kulia wa meli Normandie (1935).

Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani liliikalia tena Alsace na kiwanda kikachukuliwa. Lalique, mwenye umri wa miaka 80 na mikono iliyokuwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, hakukiona kikifunguliwa tena. Alifariki Paris tarehe 1 Mei 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya, akazikwa kwenye makaburi ya Père Lachaise.

Mwanawe Marc (1900–1977) alikifufua kiwanda na kuhamia kwenye kristali kamili. Kiwanda cha Wingen-sur-Moder kinaendelea kufanya kazi, na tangu mwaka 2011 kijijini hapo kuna makumbusho ya Lalique. Vitu vilivyotengenezwa René akiwa hai vilitiwa alama ya R. Lalique, baada ya kifo chake herufi R iliondolewa, na wanunuzi wa minada huitafuta hiyo kwanza, ingawa walaghai nao wamejifunza kuichora.