Seyyid Khalifa, karafuu na stempu za rupia 200

SEYYID Khalifa bin Haroub alitawala Zanzibar karibu miaka 49. Kwa sehemu kubwa ya muda huo mkulima wa Wete au Mkoani aliyepokea barua aliiona sura yake pembeni mwa bahasha. Leo baadhi ya vikaratasi hivyo vina thamani kubwa, na vingine havina. Maisha ya Sultani huyu yanatusaidia kujua kwa nini.

Alizaliwa Muscat, Oman, mwaka 1879 na kufika Unguja mwaka 1893 akiwa bado kijana. Mwaka 1900 alimwoa Seyyida Matuka, binti wa Sultani Hamoud. Shemeji yake, Sultani Ali bin Hamoud, alijiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya, na Desemba mwaka huo Khalifa akakalia kiti. Hata hivyo, kauli ya mwisho ilikuwa ya Waingereza, ambao mwaka 1913 waliiweka Zanzibar chini ya wizara yao ya makoloni.

Mwaka huo wa 1913 zilitoka stempu za kwanza za utawala wake. Za senti, zenye sura yake, zilikuwa za barua za kila siku. Za bei ya juu zilikuwa na picha ya jahazi, na zilifika hadi rupia 200, ambazo wakati ule zilizidi pauni 13 za Kiingereza. Hakuna barua ya kawaida iliyodai malipo hayo. Nyingi zilibandikwa kwenye hati kama ushuru wa serikali, kisha zikafutwa kwa mhuri au kalamu.

Ndiyo maana stempu ya rupia 200 ambayo haikutumika ni adimu na hugombewa minadani, lakini ile iliyofutwa kwa kalamu ya ushuru bei yake huwa chini sana. Mkulima wa Pemba hahitaji kufundishwa jambo hili. Karafuu iliyokauka vizuri na ile iliyochanganyika na makonyo hutoka kwenye mti mmoja, lakini hazipewi daraja moja.

Karafuu nazo zilimpa Seyyid Khalifa misukosuko. Wakulima wengi walizama katika madeni, na mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Sheria zilipokipa chama hicho madaraka makubwa juu ya biashara ya zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma mwaka 1937, na suluhu ikapatikana mwaka 1938. Kabla ya hapo, mwaka 1936, shilingi ilichukua nafasi ya rupia, hivyo stempu zote za rupia zikabaki historia. Mwaka 1957 zilitoka stempu mpya, na miongoni mwake zilikuwapo zilizopambwa kwa picha ya karafuu.

Seyyid Khalifa alifariki Oktoba 1960 akiwa na umri wa miaka 81. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za kisultani zilizobaki posta zilipigwa neno Jamhuri, nyingine kwa mkono. Tangu Januari 1968 Zanzibar haikuwa tena na stempu zake yenyewe.

Somo la kiuchumi ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye stempu si thamani yake. Thamani hutokana na uchache, hali na ushahidi wa ilikotoka. Kwa hiyo, mwenye barua za wazee kashani asizibandue stempu wala kuziloweka. Bahasha nzima yenye mhuri unaosomeka wa Chake Chake, Wete au Mkoani, pamoja na tarehe, mara nyingi hutafutwa kuliko stempu pekee. Aiweke pakavu, mbali na mchwa, na asikubali bei ya mnunuzi wa kwanza kabla ya kuuliza kwa wajuzi wawili au watatu. Mali isiyojulikana thamani yake na mwenyewe, anayefaidi ni mpita njia.