Sayyid Said bin Sultan na Jaribio la Karafuu



Mwaka jana mimi na wenzangu wawili wa bwenini tulipoteza faranga 400,000 kwa sabuni. Tulinunua mawese ya Rumonge, tukaazima sufuria kubwa, tukapika, tukatia mchaichai ili inukie, na kwa mkupuo mmoja tukakata vipande 600. Hatukuwa tumemuuzia mtu hata kipande kimoja. Akina mama wa Buyenzi walivinusa, wakasifu harufu, wakanunua, kisha hawakurudi. Sabuni yetu ilikuwa ikiyeyuka ndani ya beseni kabla nguo hazijaisha. Jambo ambalo vipande kumi vingetosha kutufundisha, tulijifunza kwa vipande 600. Na yule kijana aliyetubebea madumu na kukoroga sufuria siku tatu tulimwambia avute subira, kwa kuwa biashara imekula hasara.

Nitarudi kwa kijana huyo. Kwanza nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye nimekuwa nikisoma maisha yake tangu siku ile. Ni mtawala, lakini zaidi ya utawala alikuwa mfanyabiashara, na katika historia ya pwani yetu sijui mwingine aliyejaribu mambo mapya mengi kama yeye. Nayasimulia mazuri yake na mabaya yake, maana yote mawili yana somo kwetu sisi tunaotaka kufanya biashara tukitoka chuoni.

Sayyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Albusaidi, alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, naye Said akiwa bado kijana mdogo. Miaka miwili baadaye binamu yake Badr bin Seif, aliyekuwa ameshika hatamu, aliuawa, na mkono wa Said ulikuwamo katika mauaji hayo. Hivyo ndivyo alivyoingia madarakani mwaka 1806, na atakayemsoma asitarajie kukutana na walii.

Masqat, alikotawala, ni mji wa majabali na joto kali, na mvua yake ni haba. Ulaji wake ulitoka bandarini. Majahazi yalipita yakielekea India, Uajemi na Afrika, na mtawala alipata ushuru. Said alikua akiona kwamba mali ya nchi yake haimo ardhini, imo katika shehena zinazopita. Ndiyo maana alipofika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828 aliitazama kwa jicho la mfanyabiashara. Waomani walikuwa wakikitawala kisiwa hicho tangu zamani kwa kutuma magavana. Yeye aliona maji matamu, ardhi yenye rutuba, bandari tulivu, na pepo mbili zisizokosa miadi: kaskazi inayoleta majahazi kutoka Arabuni na India, na kusi inayoyarudisha. Katika miaka iliyofuata, kati ya 1832 na 1840, alihamishia makao yake Unguja. Mtawala aliacha mji wa baba zake akahamia ng'ambo ya bahari kwa sababu hesabu zilimwonyesha kwamba huko ndiko soko linakokwenda.

Na alikuta mti. Kwa muda mrefu Waholanzi walikuwa wamehodhi karafuu za Visiwa vya Moluku, katika Indonesia ya leo. Wafaransa wakatoroshea miche visiwani kwao, Mauritius na Réunion, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeileta ni Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil al-Abri, aliyeipanda Mtoni na Kizimbani. Ndugu zangu, hapa pana jambo la kushika. Mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa. Hakuna kitabu ambacho kingemwambia mtu kama udongo wa Unguja utaukubali. Ilibidi mtu mmoja apande miche michache, angoje, na akubali kwamba huenda ikafa yote. Sayyid Said alipofika, jibu lilikuwa limesimama shambani, likinukia.

Kwa hiyo si yeye aliyebuni kilimo cha karafuu. Kipaji chake kilikuwa kutambua jaribio dogo la mtu mwingine lililofaulu, na kulikuza. Alipanda katika mashamba yake mwenyewe, kisha akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Zilipokaribia katikati ya karne, Unguja na Pemba zilikuwa zimeshajulikana duniani kwa zao ambalo miaka 40 nyuma halikuwapo.

Lakini Saleh bin Haramil alipata nini? Alinyang'anywa mashamba yake. Alikuwa ametajirika na kupata nguvu, Sayyid akamwona mpinzani, na ikatolewa sababu ya kumpokonya. Aliyethubutu kwanza ndiye aliyeondoka mikono mitupu. Nilipofika hapo nilikumbuka mazungumzo yetu ya jioni pale Mutanga, jinsi mmoja anavyotoa wazo na mwingine mwenye fedha au mjomba wizarani akalichukua. Tunalalamika kwamba vijana hawabuni. Atabuni nani, akijua kwamba matunda ya jaribio lake yatavunwa na mwenye nguvu?

Jaribio la pili la Sayyid Said lilihusu watu na kanuni. Ukusanyaji wa ushuru wa forodha aliukodisha kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, akilipwa kiasi cha fedha kilichokubaliwa kila mwaka. Hakumuuliza dini yake, alitaka ujuzi wake wa mahesabu na mtaji. Bidhaa zilizoingizwa zilitozwa ushuru mmoja wa asilimia 5. Nahodha aliyetia nanga alijua mapema atalipa nini, badala ya kukutana na afisa mwenye bei yake kila bandari. Nani kati yetu aliyepitisha mzigo mpakani asiyejua thamani ya jambo hilo? Wageni wakafuata: mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 1840 alituma merikebu moja, Sultana, hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilibeba tende na mazulia, kahawa ya Yemen, pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Watu wa New York walimiminika bandarini kuitazama. Ilirudi na bidhaa za Kimarekani, lakini haikugeuka kuwa njia ya kudumu ya merikebu zake, na biashara ile iliendelea kubebwa na Wamarekani wenyewe waliokuja Unguja. Sayyid hakufilisika kwa hilo. Alituma merikebu moja, si kumi. Akapata jibu, akaendelea na mengine. Alijaribu pia miwa na sukari, navyo havikushika kama karafuu. Anayejaribu kwa kiasi anaweza kukosea na kesho akafungua duka.

Sasa mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Bujumbura? Zile meli za Marekani zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu walikiita merikani. Wafanyabiashara wa Unguja walikikopa kwa matajiri wa Kihindi, wakakitia katika misafara, wakakipeleka bara kutafuta pembe za ndovu: Tabora, kisha Ujiji, kando ya ziwa hili hili tunaloliona tukiwa Mutanga. Kilipokelewa njiani kama fedha. Pamoja na kitambaa ikaja lugha, na pamoja na lugha wakaja watu wenye misala. Ufalme wa Burundi haukukubali kutawaliwa na wafanyabiashara hao, na Mwami Mwezi Gisabo alipambana na Rumaliza wa Ujiji. Hata hivyo ufukweni Kiswahili na Uislamu vilishika mizizi, na baada ya Wajerumani kuweka kituo chao Usumbura mwaka 1897, mji uliokua hapo ulikuwa na Waswahili wake. Tunaponunua ndagala Buyenzi kwa Kiswahili, tunatembea juu ya njia iliyofunguliwa na mtaji wa Unguja.

Lakini njia hiyo haikubeba vitambaa na pembe tu. Ilibeba watu.

Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Huchumwa kwa mkono, tawi kwa tawi, halafu huchambuliwa na kuanikwa majamvini. Kazi hiyo ilihitaji mikono maelfu, na mikono ile ilikuwa ya watumwa. Walitekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, waliokufa njiani wakaachwa njiani. Sayyid Said alitia sahihi mikataba ya kupunguza biashara hiyo mwaka 1822 na 1845 kwa kubanwa na Waingereza, lakini mashamba yake na ya matajiri wake yaliendelea kulimwa na watu wasio na hiari. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873, zamani za mwanawe Barghash, miaka 17 baada ya yeye kufa.

Nimewahi kusikia Waislamu wakilikwepa jambo hili kwa kusema kwamba zama zilikuwa hivyo. Mimi sioni haja ya kulikwepa. Sheria yetu imeharamisha kumkamata mtu huru na kula thamani yake, na ilikuwa imeharamisha hivyo karne nyingi kabla ya Sayyid Said kuzaliwa. Na kwa sisi wanafunzi wa biashara kuna hoja nyingine iliyo karibu zaidi. Kila jaribio lina gharama. Swali ni nani anailipa. Katika mudharaba, mkataba tunaofundishwa tangu madrasa, mwenye mali huweka mali, mwenye kazi huweka kazi. Faida hugawanywa kama walivyokubaliana. Ikija hasara pasipo uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Wote wawili wameingia kwa hiari, na wote wanajua kinachoweza kupotea. Mtumwa wa Kizimbani hakuingia katika mkataba wowote. Karafuu zikipata bei, faida haikuwa yake. Zikianguka, kazi iliongezwa.

Na zilianguka. Kila mwenye shamba alipopanda, soko lilijaa, na bei ikaporomoka ikawa sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa mwanzoni. Aliyejaribu mambo mengi aliacha visiwa vinavyotegemea jambo moja. Mwaka 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi mno, na Pemba ndiyo iliyonusurika ikawa mzalishaji mkubwa. Kufaulu kwa jaribio hakumaanishi kwamba majaribio yamekwisha.

Sayyid Said hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Ushelisheli, akirudi Unguja kutoka Oman, na akazikwa Unguja. Ilistahiki kwamba mtu huyu afie safarini, kati ya bandari zake mbili. Dola yake iligawanyika: Majid akapata Unguja, Thuwaini akapata Oman. Karafuu zikabaki.

Narudi kwa kijana wetu. Sitaki kulinganisha sufuria ya sabuni na shamba la watumwa, vitu hivyo havilingani. Lakini nilipokuwa nasoma kuhusu nani alilipa gharama ya karafuu, nilijiona. Kijana yule hakuwa mbia wetu. Hatukumwahidi sehemu ya faida. Tulimwahidi ujira wa siku tatu, na hasara ilipokuja tukampa sehemu yake ya hasara bila kumuuliza. Jaribio lilikuwa letu, na gharama tukamtwika yeye kwa sababu alikuwa mnyonge kuliko sisi.

Tuliuza ile sufuria nyingine ndogo tuliyoinunua, tukachanga kilichopungua, tukaenda kumlipa na kumwomba radhi. Alizihesabu faranga zake, akashukuru, akaondoka haraka kama mtu aliyekwishakata tamaa ya deni. Sikulala vizuri usiku ule.

Mwezi uliopita tulipika tena. Vipande 20 tu, na mawese tumeyaacha yakae muda mrefu zaidi motoni. Tuliwapa akina mama wanne wa Buyenzi wafulie, na tukawaomba watuambie ukweli. Watatu wamesema inadumu, mmoja amesema bado ni laini. Tutapika vingine 20. Yule kijana amekubali kukoroga, na safari hii analipwa jioni ile ile, kabla sisi hatujajua kama tumepata au tumekosa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Said kwa mema yake, amsamehe yake na yetu, na awarehemu wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wallahu a'lam.